Kikohozi cha Mzee Sufi

Jumatatu iliyofuata mazishi, binti alifungua duka la magodoro kama kawaida, akafagia, akamwaga sufi sakafuni na kuanza kuchambua mbegu. Hajafika mbali, akamsikia baba yake akikohoa kwenye kigoda cha pembeni. Kilikuwa kikohozi kilekile: kimoja kikavu, kituo, halafu viwili vya harakaharaka. Kigoda kilikuwa kitupu. Binti akanyanyuka, akaweka glasi ya maji juu yake, akarudi kwenye sufi.

Fundi viatu wa duka la jirani alichungulia mlangoni.

"Mzee bado ana kile kifua?"

"Bado."

"Basi mpe maji ya uvuguvugu. Ya baridi yanamkereketa."

Baba huyo watu walimwita Mzee Sufi, kwa sababu alijaza magodoro na mito maisha yake yote mpaka nyusi zake zikawa na manyoya ya sufi. Kifua chake kiliharibikia humo. Lakini watoto wake wawili walijua kwamba si kila kikohozi chake kilikuwa cha vumbi. Jioni, kabla ya kula, aliwakusanya wasali, na kila mmoja alimshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto akimshukuru Mungu kwa kumsaidia kufagia uwanja ambao haukuguswa na ufagio, mzee alikohoa. Hakuwahi kumwita mtu mwongo. Ukimuuliza, alisema, "Mungu amesikia. Mimi nimekohoa tu."

Kisha alisali mwenyewe, na hapo alidai kuitikiwa amina ya kusikika. Sala isiyoitikiwa, alisema, ni godoro lisiloshonwa mdomo: ulichotia kitamwagika chote njiani. Katika uzee wake hakuogopa kufa. Aliogopa kusali sala yake ya mwisho na kukosa wa kumwitikia, na alilisema hilo mara nyingi mpaka wanawe wakamtania.

Sasa kikohozi kilikaa mahali alipozoea kukaa mwenyewe: kwenye kigoda dukani, kwenye kiti chake nyumbani, na kanisani kwenye benchi la tatu karibu na dirisha. Binti hakuona ajabu. Alifurahi, tena alifurahi sana, maana alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote na duka lilikuwa limepwaya bila yeye. Usumbufu ulikuwa kwa wateja. Mtu akiuliza godoro lake litakuwa tayari lini, binti alijibu, "Kesho," kigoda kikakohoa. "Kesho kutwa," kikakohoa tena. "Ijumaa, nikijitahidi," kimya. Mteja akaenda zake ameridhika.

Jioni moja wageni walikuja nyumbani kutoa pole, na kaka yake akawasimulia kifo cha baba. Kaka huyu alikuwa dalali wa nyumba. Angeweza kukuonyesha chumba kisicho na dirisha ukaondoka umeshukuru kwa kivuli. Aliwaambia wageni kwamba mchana ule hospitalini alimshika baba mkono, baba akasali, yeye akamwitikia amina, na mzee akaondoka anatabasamu.

Kiti cha baba kikakohoa.

Wageni walitikisa vichwa kwa huruma. Binti alikuwa ameshika birika, akalitua mezani polepole. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa wodini tangu asubuhi, kaka akaja kumpokea zamu, yeye akaondoka kwenda kumalizia godoro la watu. Baadaye kaka akapiga simu: baba ameenda, na amina ameipata. Binti alikuwa akiishi kwa amina hiyo tangu hapo. Kila alipolemewa na machozi aliishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Tangu jioni ile akaanza kumtazama kaka yake kwa jicho la pembeni. Aliona jinsi anavyoanza hadithi kwa kujirekebisha kola. Aliona kwamba mkono ulioshikwa mara ni wa kulia, mara ni wa kushoto. Akajiambia labda ni vumbi la sufi kweli, kisha akakumbuka kwamba nyumbani hakuna sufi.

Kaka alipopita dukani kuchukua koti la baba, ambalo alitaka kulivaa Jumapili, binti akamwomba amshikie kitambaa cha godoro wakati anashona. Alikuwa na desturi ya kupapasa godoro kwa kiganja kutafuta vinundu, hatua kwa hatua. Akamuuliza kaka yake vivyo hivyo.

"Kaka, siku ile ulifika wodini?"

"Si ulinikuta mlangoni ukitoka?"

Kigoda kimya.

"Ukakaa?"

"Nilikaa."

Kikohozi.

"Mkono ulimshika?"

"Nilimshika, mdogo wangu." Kikohozi. "Sufi hii itawaua nyie."

"Aliyekohoa ni nani?"

"Baba," alisema kaka, bila kuinua macho. "Kifua chake unakijua."

"Alisali?"

"Baba? Baba asisali?"

Kigoda kimya tena. Binti akavuta uzi mpaka mwisho.

"Na amina?"

"Niliitikia."

Hapo mzee alikohoa mpaka maji yakatikisika kwenye glasi. Kaka alisubiri amalize, kama adabu inavyotaka, akaachia kitambaa, akachukua koti, akalikung'uta na kuondoka. Mahali alipokuwa saa ile baba anakufa hakusema. Kama alikuwa kwenye mgahawa wa hospitali, au nje akizungumza na mteja kwenye simu, au alikuwa analia ngazini, binti hakujua, na kutokujua huko kukawa kazi yake ya pili. Alishona huku akimweka kaka yake kwenye kila kona ya hospitali ile. Hakuna kona iliyomfaa.

Kanisani mambo yalikuwa yanaenda vingine. Mzee Sufi alikuwa mzee wa kanisa, na mwanawe aliombwa aongoze sala kwa niaba yake mpaka apatikane mwingine. Kila mara alianza kwa kumtaja baba yake aliyemfia mikononi, na kila mara benchi la tatu lilikohoa. Watu hawakujua desturi za nyumba ile. Kiongozi wa kwaya aligeuka akawaambia wenzake, "Mzee anamwitikia mwanawe," na neno likaenea. Kaka akajifunza kunyamaza kidogo baada ya sentensi ili kikohozi kipate nafasi. Upesi likatolewa tangazo: atasimikwa uzee wa kanisa, katika kiti cha baba yake.

Binti alimwendea mchungaji ofisini, akamkuta akitafuta kitu kwenye droo.

"Mchungaji, baba hamwitikii kaka. Baba hukohoa mtu akisema uongo."

Mchungaji aliendelea kupekua. "Binti yangu, hata mimi hunikoholea nikihubiri."

"Najua."

Mchungaji akaacha kupekua. Alitazama ndani ya droo kwa muda, kisha akaifunga.

"Watu wamefarijika," alisema. "Wamerudi hata wale waliokuwa hawaji. Tumwachie Mungu."

Siku ya kusimikwa, kanisa lilijaa mpaka viti vikaazimwa shule ya jirani. Kaka alivaa koti la baba, likamkaa vizuri, jambo lililomuuma binti kuliko yote. Kabla ya kiapo, mchungaji aliuliza kama familia ina neno, na watu wote wakamgeukia binti.

Alisimama. Alikuwa amekusudia kusema kweli, akaisema.

"Baba yangu alikufa peke yake. Alisali, na hakuna aliyemwitikia."

Benchi la tatu lilinyamaza. Kanisa zima lilitega sikio kuelekea dirishani, likasubiri. Mtoto mmoja alipiga chafya, mama yake akamziba mdomo. Kikohozi hakikuja, na binti akaelewa, akiwa amesimama pale pale, kwamba hakitakuja, maana hakukuwa na cha kukohoa. Watu nao wakaelewa kwa namna yao. "Mzee hajamwitikia," alinong'ona kiongozi wa kwaya, na wanawake wakamtazama binti kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba.

Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Kisogo chake kilikuwa kisogo cha baba, na binti akaona unyuzi mmoja wa sufi umeganda kwenye kola ya lile koti. Alichoka ghafla. Alitaka kumrudisha kaka yake, hata huyu huyu, kwa sababu wamebaki wawili.

"Lakini nimemsamehe kaka yangu," alisema, na alipolisema aliliamini.

Mzee alikohoa. Kimoja kikavu, kituo, halafu viwili vya harakaharaka.

"Amina!" likaitika kanisa zima, hata waliosimama nje, kwa sauti ambayo Mzee Sufi angeipenda sana. Kiongozi wa kwaya alilia waziwazi. Mchungaji alifuta miwani yake, akaanza kusoma kiapo.

Kaka peke yake hakuitikia. Aliinua kichwa, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hawakuwa na haja ya kuelezana kitu. Akajisogeza kwenye benchi kumpisha akae. Binti akakaa. Kati yao wakaacha nafasi ya mtu mmoja, na kaka akaweka pale glasi ya maji aliyokuja nayo, ya uvuguvugu, kwa sababu mzee alikuwa bado anakohoa.