Bitana ya Mashine

Koti la mashine, mhusika wa mchezo mpya wa jukwaani, lilikuwa la kijivu, refu hadi magotini, na Fundi alilishona akijua fika kwamba litavaliwa na mume wake. Mume wake bado, ndiyo, ingawa tangu msimu wa mvua uliopita Fundi alikuwa akilala chumba cha nyuma kwa mdogo wake. Mume huyo alikuwa mwigizaji, na tangu utotoni watu walimwita Mbwembwe. Alitokomea na mwimbaji wa mchezo uliopita, na mwimbaji alipomchoka, akarudi amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Alikuja kuomba radhi pale pale mlangoni kwa shemeji yake. Fundi alikuwa amejiandaa kumtimua. Lakini Mbwembwe alimtazama, sauti ikamkwama kidogo kooni, akasema, "Wewe ndiye bitana yangu. Mtu akinitazama, wewe ndiye wa kwanza kuonekana."

Fundi alilia, na katikati ya kilio nusura acheke. Bitana ni kile kitambaa laini cha ndani ya koti, na ikionekana nje ujue fundi ameboronga. Ila kosa hilo hasa ndilo lililomlainisha. Maneno matamu Mbwembwe alikuwa nayo tele, yamenyooka, yamekaririwa. Haya yalikuwa yamepinda. Hakuna aliyemfundisha haya, Fundi alijiambia, ameyaokota mwenyewe karibu na cherehani yangu. Wakakubaliana kwamba mchezo ukishafunguliwa, usiku huo huo Fundi atarudi nyumbani kwa mumewe. Begi akalifunga mapema, kwa furaha ambayo hakumwonyesha mtu.

Kisha likaja zoezi la mwisho, waigizaji wakiwa na mavazi kamili. Fundi alikaa viti vya nyuma, pini mdomoni, macho kwenye mshono wa bega la kushoto uliokuwa ukimsumbua. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mwanasayansi ametengeneza mashine yenye umbo la mtu, na kabla haijazimwa, ameitwa mwanafalsafa aamue kama ni mtu au si mtu.

"Ikisema inaumia," mwanafalsafa aliuliza huku akiizunguka, "inaumia, au inasema tu?"

"Inajifunza haraka," mwanasayansi akajibu. Kila akibanwa, jibu lake lilikuwa hilo hilo, kwa majivuno ya mzazi. Fundi aliwaza kwamba mwanafalsafa anapoteza muda na vitabu vyake, wakati angeweza kumuuliza mke yeyote aliyedanganywa.

Ndipo mashine ilipomgeukia mwanamke anayefagia maabara. Ikamtazama. Sauti ikaikwama kidogo kooni.

"Wewe ndiye bitana yangu. Mtu akinitazama, wewe ndiye wa kwanza kuonekana."

Pini ilimchoma Fundi mdomoni. Mwongozaji alipiga makofi, akasema hapo, hapo hapo, usibadilishe kitu. Fundi alifuta damu kwa kipande cha kitambaa, machale yakimcheza mwili mzima.

"Si umuulize tu, dada?" mdogo wake alimwambia jioni ile, akimenya viazi.

"Nimuulize mwigizaji kama anaigiza? Atanijibu vizuri sana."

"Basi usiende."

"Na kama maneno ni yake kweli? Kama aliniambia mimi kwanza, halafu ndiyo akayapeleka jukwaani?"

Mdogo mtu akaendelea na viazi vyake. Fundi alikaa akilitazama begi. Hakumchukia Mbwembwe, na hilo ndilo lililomuudhi. Alimpenda bado, kwa ujinga wote ule wa zamani, na alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu: kama siku ile mlangoni alisema naye au alifanya mazoezi.

Alfajiri wazo likamjia. Lile kosa lina mwenyewe. Kati ya mume wake na mwandishi wa mchezo, asiyejua bitana ni nini ndiye mwenye maneno.

Alianza na mume. Siku ya ufunguzi, mchana, alimvisha koti nyuma ya jukwaa, akajifanya ana haraka. "Nishikie bitana hapo nipige pini."

Mbwembwe, bila kusita hata kidogo, akashika ukosi wa shingoni.

Fundi aliinama kuficha uso. Hajui! Mtu mzima na akili zake, hajui! Furaha ilimpanda hadi masikioni, akamgonga mgongoni kidogo kwa futi ya kupimia, na Mbwembwe akacheka bila kujua anachochekea.

Akabaki mwandishi. Alimkuta koridoni akila ndizi kwa wasiwasi wa ufunguzi.

"Bwana mwandishi, bitana ya koti lako imechanika."

"Wapi?" Mwandishi alifungua koti papo hapo, akageuza upande wa ndani, akaanza kukagua.

"Basi, macho yangu tu, samahani." Fundi alitamani kumkumbatia na ndizi yake. Maneno yalikuwa ya Mbwembwe. Angeondoka na ushindi wake pale pale, yakaisha, lakini ulimi ulimwasha. "Kumbe unaijua bitana. Mbona kwenye mchezo umeiacha inaonekana nje?"

Mwandishi alicheka. "Na wewe umeliona kosa, eh? Si langu lile. Nilikwama pale, nikamwomba mumeo anitafutie maneno ya kumliza mtu. Aliponiletea nikamwambia, ndugu yangu, bitana iko ndani, ngoja nirekebishe. Akakataa katakata."

"Kwa nini?"

"Alisema nisiguse. Ameshayajaribu kwa mtu, na mtu mwenyewe akalia." Akatupa ganda la ndizi kwenye ndoo, akaenda zake akijipepea kwa mkono.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Mshono wa bega uliokuwa ukimsumbua aliumaliza vizuri, kwa sababu kazi ni kazi. Watazamaji walipoanza kuingia, alimpelekea Mbwembwe koti lake na kumvisha.

"Begi umekuja nalo?" Mbwembwe aliuliza kwa upole.

"Liko mlangoni." Alimshika mkono, akauingiza ndani ya koti, akausugua kwenye kile kitambaa laini. "Hii ndiyo bitana. Iko ndani. Mtu akikutazama, haioni."

Mbwembwe alitoa macho. "Kwa hiyo nilikosea?"

"Ulikosea."

"Sasa mbona siku ile hukuniambia?"

"Siku ile nilidhani unaongea na mimi."

Mbwembwe alifungua mdomo. Kengele ililia, akaitwa jukwaani.

Fundi alisimama gizani nyuma ya pazia. Hakupanga kungoja, ila miguu ilikataa kuondoka. Mwanafalsafa aliuliza maswali yake, mwanasayansi akajivuna, na mashine ikamgeukia yule mwanamke mwenye ufagio. Ikamtazama muda mrefu kuliko kawaida. Sauti ikaikwama kooni.

"Wewe ndiye bitana yangu," Mbwembwe alisema. "Hakuna akuonaye. Nimekuvaa ndani miaka yote, na sikujua hata jina lako."

Hayakuwa kwenye mchezo. Ukumbini mtu akapenga kamasi, kisha makofi yakalipuka. Mbwembwe aligeuza kichwa kidogo kuelekea pazia, na machozi, ya kweli au ya kazi, yaling'aa kwenye taa.

"Inajifunza haraka," mwanasayansi alisema.

Fundi alichukua begi lake mlangoni, akarudi kwa mdogo wake.