Sambusa za Kuuza Nje

Kila Jumamosi saa nane mchana, Évode aliwachukua watu wa Rågsved, kitongoji cha Stockholm, akawapeleka Korea Kusini. Nauli ilikuwa bure. Abiria walikuwa kumi na mmoja, siku za theluji wakipungua hadi saba, na safari yenyewe ilifanyika katika chumba cha chini cha jengo la jumuiya, hatua chache kutoka kituo cha metro. Humo mlikuwa na ubao mweupe, viti vya kukunja na birika kubwa la kahawa.

Waswidi wana utaratibu mmoja mzuri sana. Ukitaka kujifunza jambo, hata kufuma soksi, unakusanya wenzako, mnaandikisha majina, mnaitwa mduara wa masomo, na chumba mnapewa. Basi wengine wakafuma soksi. Hawa wa Évode walijifunza jinsi nchi za Asia Mashariki zilivyojinasua kwenye umaskini hadi zikaanza kuiuzia dunia meli na televisheni. Walikuwa Warundi, Waganda, Wakongo na Watanzania wawili watatu, na kila mmoja alikuwa na nchi yake moyoni aliyotaka siku moja ifanye hivyo hivyo.

Zamani Évode alifundisha uchumi chuo kikuu, Bujumbura. Stockholm alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege. Wiki nzima aliinua masanduku ya wanaokwenda likizo, kisha akarudi kwa treni ya Märsta huku mgongo ukimlalamikia. Jumamosi, akishika kalamu ya ubao, mgongo ulinyamaza wenyewe.

Ila mwezi ule wa Machi, mwaka 2010, alikuwa na barua mfukoni iliyomnyima raha. Shule moja ya sekondari upande wa kusini wa jiji ilitafuta mwalimu wa maarifa ya jamii. Vyeti vyake viliwapendeza. Walichotaka ni afike afundishe somo moja la majaribio, dakika arobaini, mbele ya wanafunzi, kwa Kiswidi. Mara ya kwanza Évode aliahirisha kwa sababu ya mafua. Mara ya pili alisingizia zamu. Sasa walikuwa wameandika kwa adabu zote kwamba wanamsubiri Jumanne ya mwisho ya mwezi, na asipofika watajua hahitaji kazi hiyo.

Alikuwa anaihitaji kuliko kitu chochote. Kiswidi alikijua, magazeti aliyasoma ndani ya treni bila kamusi. Lakini kusimama mbele ya watoto wa Kiswidi, aanze kutafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani, yeye aliyekuwa akiwachekesha na kuwanyamazisha wanafunzi mia mbili kwa mpigo! Aliogopa. Hakuna neno jingine la kutumia. Kwa hiyo aliirudisha barua mfukoni akaendelea na Korea.

Na hapa inabidi tuzungumze habari za sambusa.

Miaka mitatu nyuma, Évode alikuwa amefundisha kwamba kiwanda kichanga hakiwezi kushindana na vikubwa siku hiyo hiyo kinapozaliwa; kinahitaji kulindwa. Mduara ukawaka moto. Wakasema, kwa nini tunasoma bila kutenda? Wakatazamana, wakaona kiwanda kichanga walichonacho ni kimoja tu, nacho ni Fébronie. Fébronie alikuwa dada mkubwa wa Ghislaine, mke wa Évode. Alisafisha ofisi kule Kista na ndoto yake ilikuwa kufungua kibanda chake cha sambusa. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono na kuandika muhtasari, kama walivyofunzwa na wenyeji: kuanzia leo, ubatizo, harusi, msiba na mduara, sambusa ni za Fébronie peke yake. Mashauri, dereva wa metro, mtu wa Mwanza, alilazimika kumwambia mkewe aweke sufuria chini.

Mwaka wa kwanza zilikuwa tamu. Mwaka wa pili nyama ikawa haba na viazi vikaongezeka. Mwaka wa tatu manda yake ilikuwa nene kama katoni ya maziwa, na mafuta yalitiririka hadi kwenye kiwiko. Watu walifanya nini? Walisifu. Kila mmoja alichukua moja, akaing'ata pembeni, akasema dada una mikono ya baraka, kisha akaifunga kwenye karatasi ya kupangusia na kuitia mfukoni. Kunguru wa kituo cha Rågsved walinenepa. Évode aliyajua yote hayo na akajitia hamnazo, kwani nani anataka kumwambia dada mkubwa wa mkewe kwamba chakula chake hakiliki?

Jumamosi hiyo alikuwa katika ubora wake. Alichora Seoul kwenye ubao na mishale ikitoka pande zote.

"Serikali ilimwambia mwenye kiwanda: mkopo nafuu utapata, na mshindani wa kigeni tutamzuia mlangoni. Lakini utuambie mwaka huu utauza nje kiasi gani. Na kila mwezi wakubwa walikaa naye mezani kuangalia. Aliyeshindwa, alinyimwa. Kwa nini nje? Kwa sababu mteja wa nje hakujui. Hamjui mama yako. Kitu kikiwa kibaya, hakununui, basi."

Hajara alinyoosha mkono. Alikuwa Mganda, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, mama wa makamo aliyekaa siku zote kiti cha mbele na mfuko wake mapajani. Ulimi wake haukuwa na breki.

"Mwalimu, mimi niko na swali. Sisi tulimlinda Fébronie. Huo ulinzi unaisha lini? Na ameuza nje ngapi?"

Mashauri akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Hilo," Évode akasema, "ni swali la wiki ijayo."

"Hapana, shemeji," Fébronie akasema kutoka kwenye meza ya kahawa. "Jibu leo. Sambusa zangu ziko mbaya?"

Évode akageukia ubao. Mhadhiri mzima, akaanza kuikoleza mishale ya Seoul.

Fébronie hakupoteza muda naye. Alimwendea Mashauri akamwomba, kwa sauti ya chini kabisa, atoe kilichomo kwenye mfuko wa koti. Ikatoka sambusa iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. Kisha, kwa aibu ya kumtosha mtu mwaka mzima, ikatoka na ya Jumamosi iliyopita.

"Miaka mitatu mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Fébronie akasema. Machozi yalimlengalenga lakini hayakudondoka. "Nilikuwa nakata nyama kidogo kidogo, naona mnasifu, nakata tena. Mlidhani mnanisaidia." Akakusanya sinia lake. "Sawa. Ijumaa nazipeleka Kista."

Wiki hiyo Évode hakulala vizuri. Ghislaine alimwambia waziwazi kwamba ameshindwa kumtetea dada yake, na pia kwamba ameshindwa kumwambia ukweli, na kwamba achague kosa moja la kuombea radhi kwa sababu yote mawili yatamchosha. Akaomba radhi kwa yote mawili, kwa simu. Fébronie akajibu kwamba yuko kazini.

Jumamosi Fébronie alifika kama kawaida, akakaa, akawasimulia. Alimwomba ruhusa mkuu wa ofisi anayoisafisha, akaweka sambusa arobaini mezani wakati wa kahawa ya Ijumaa, ile ambayo Waswidi hawaikosi hata dunia ikipinduka. Thelathini na tatu zilibaki.

"Walikuwa wapole sana," alisema. "Kila mtu alitabasamu. Hakuna aliyerudi kuchukua ya pili."

Halafu mhandisi mmoja, mama wa Kikorea, alimfuata hadi jikoni. Kiswidi chake kilikuwa kimevunjika kama cha Fébronie, kwa hiyo walielewana mara moja. Alisema mafuta yalikuwa baridi, manda nene, nyama haipo. Mama yake alikuwa akikaanga vitu kama hivyo sokoni. Akachukua karatasi ya jikoni, akaitenganisha tabaka zake mbili, akamwonyesha moja dhidi ya taa: iwe hivi.

"Huyo mama hanijui kabisa," Fébronie akasema, "na ndiye wa kwanza kuniambia."

Évode alitazama chini. Hajara akampigia Fébronie makofi, peke yake, mapigo matatu.

Ijumaa iliyofuata sinia lilirudi tupu. Mkuu wa ofisi akaagiza sitini za wiki ijayo na kuuliza kama kuna za mboga. Jumamosi Fébronie akaingia chumbani na sinia la pili, akaliweka mezani bila maneno. Manda ilivunjika kwa mlio chini ya meno, nyama ilikuwa nyama, na kulikuwa na bizari na ndimu. Hakuna aliyesifu. Watu walikula wakarudi kuchukua nyingine, na Mashauri alilamba vidole vyote vitano mbele ya kadamnasi.

Évode alifurahi. Akasimama, akashika kalamu.

"Haya, sasa tuingie Taiwani—"

"Subiri, shemeji," Fébronie akasema. "Leo swali ni langu. Wewe unauza nje lini?"

Alidhani ni mzaha, akacheka. Alicheka peke yake.

"Ghislaine ameniambia kuhusu barua. Mara ya kwanza mafua. Mara ya pili zamu. Jumanne hii utaumwa nini?"

"Kiswidi changu—"

"Kiswidi changu mimi umekisikia. Nimeuza sambusa nacho."

Évode akamgeukia Mashauri, mwanaume mwenzake, amwokoe. Mashauri akajikuna kichwa. "Mwalimu, samahani sana. Unajua mimi natoka zamu ya alfajiri. Mwaka jana, Japani yote... nililala. Nilikuwa naamka kwenye kahawa."

"Mimi sikulala," Hajara akasema. Akatia mkono mfukoni mwake akatoa soksi, ya kijivu, imebaki kisigino. "Hii ni jozi ya tisa. Wewe unajua mengi, Mwalimu, na sisi tunakupenda. Lakini unaongea masaa mawili bila kuangalia kama mtu yuko na wewe. Kwa nini uangalie? Sisi hatuondoki."

Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa na adui kwamba hana maana. Kuambiwa na watu wanaokupenda, tena huku wakitafuna, ni kitu kingine. Évode aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni. Alitaka kuwaambia kwamba hakuna mtu Rågsved anayejua sera za viwanda kama yeye, na ilikuwa kweli, na ndipo akaona kwamba Fébronie naye alikuwa bingwa wa sambusa Rågsved, kwa sababu wengine wote walikuwa wamekatazwa.

Wakapiga kura. Mikono kumi ilinyooshwa, na katibu akaandika kwenye muhtasari: mduara hautamsikiliza Évode kwa Kiswahili hadi atakapokuwa amefundisha kwa Kiswidi mahali ambapo hajulikani. Kisha, kwa kuwa walikuwa watu wema, wakamwambia aanze mazoezi papo hapo.

Alianza. Alikwama kwenye sentensi ya pili. Hajara akamkatiza alipofika kwenye jedwali la tatu, Mashauri alimwomba aondoe miaka ya hamsini yote, na mtu mmoja wa nyuma akasema hajaelewa mkopo nafuu unaingiaje. Saa mbili zikapungua zikawa dakika sabini, kisha hamsini, na giza lilipoanza kuingia madirishani zilikuwa arobaini na mbili. Kiswidi chake kilichechemea lakini kilitembea.

Jumanne alikwenda na sinia lililofunikwa kitambaa. Fébronie alikuwa amekaanga asubuhi hiyo, thelathini, na kumi kati ya hizo za mboga. Darasani walikuwa vijana wa miaka kumi na saba, miguu imenyooshwa, na nyuma walikaa walimu wawili wenye daftari. Évode akaliweka sinia kwenye meza ya mbele.

Alianza na sambusa. Aliwaeleza habari za mwanamke aliyelindwa miaka mitatu na watu wanaompenda hadi akaharibikiwa, na wakacheka pale pa koti la Mashauri. Walikula. Walisikiliza. Évode akahisi ile nguvu ya zamani ikimrudi miguuni, na akasahau alipo. Akaingia mipango ya miaka mitano ya Korea, wa kwanza, wa pili, akachora mishale, akageukia ubao na kuongea nao kwa dakika sita nzima.

Msichana wa safu ya pili, mwenye kipini puani, alinyoosha mkono.

"Samahani," akasema. "Mwanzo ulikuwa mzuri. Lakini tangu hapo kwenye mishale sijaelewa kitu hata kimoja."

Walimu wa nyuma waliinua macho. Évode alimtazama yule msichana, hakuona chuki wala huruma, ila mtu aliyekuwa akingoja aelezwe. Msichana hamjui yeye, hamjui mama yake, na sambusa yake imeliwa nusu mbele yake. Kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, akajawa na furaha, furaha ambayo hakuwa ameipata tangu Bujumbura.

"Asante," akamwambia kwa Kiswidi, na lilimtoka moyoni. Akachukua kitambaa, akafuta mishale yote. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Akavuta kiti, akakaa mbele yao, akauliza ni wapi hasa alipowapoteza.