Wageni wa Clotilde Waliotoka Kwenye Televisheni

Jumapili ile umeme wa mtaa wa Kampemba ulirudi jioni, Bibi Clotilde akiwa bado anasonga bukari, ugali wake wa jioni. Aliwasha televisheni. Rais alikuwa amekwisha kukimbia nchi, na wakubwa wapya walikuwa wakionyesha filamu kuhusu watu wake wa karibu, kila Jumapili mtu mmoja.

Siku ile ilikuwa zamu ya mkuu wa usalama. Filamu ilipofika kwenye nyumba yake ya mtaa wa Golf, yeye mwenyewe alishuka kutoka kwenye kioo, akavua viatu kando ya mkeka.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba. Ikala. Utakula kwanza."

Mgeni haulizwi neno kabla hajashiba. Ndivyo Clotilde alivyolelewa. Alimketisha, akammiminia maji ya kunawa, akamtengea bukari na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa na swali moja tu. Mumewe Mwape, fundi wa reli, alishushwa kwenye treni kule Sakania mpakani kwa sababu alicheka picha ya Rais ilipoanguka kutoka ukutani. Hakurudi. Pasipo kaburi, matanga hayafungwi. Clotilde alikuwa bado anajifunga kitambaa cheusi cha ujane, na nywele zilikuwa zimeota mvi chini yake.

Mgeni alikula polepole. Alipomaliza, akaulizwa:

"Bwana yangu Mwape, mulimuzika wapi?"

"Ile haikukuwa kazi yangu, mama. Uulize ule wa dimanshi inakuya."

Muziki wa mwisho wa filamu ukalia. Mgeni aliosha sahani yake, akavaa viatu, akarudi ndani ya kioo. Clotilde aliiona ile sahani safi. Huyu naye alikuwa na mama aliyemfundisha, akawaza.

Jumapili iliyofuata alikuja mtunza hazina, naye akajibu vilevile. Daktari wa Rais alilia kidogo juu ya sombe, kisha akaomba pilipili.

Jirani wa Clotilde, Ngosa, alichungulia dirishani.

"Mama Clotilde, bantu ya televizio banakula bukari?"

"Banakula. Na banamaliza."

"Basi beko bantu ya hapa hapa!" Ngosa akacheka, akaenda zake.

Wa mwisho alikuwa dereva wa Rais, mzee mwenye mikono inayotetemeka. Clotilde alimtolea samaki miiba, akamshikia kikombe anywe. Kisha akauliza.

"Uulize ule wa dimanshi inakuya," mzee akasema.

"Hakuna ingine, baba. Filamu inaisha leo."

Mzee aliwaza mpaka muziki ukaanza.

"Basi, uulize ule wa kwanza."

Kwa muda mrefu jioni zilipita bila mgeni. Clotilde alisonga bukari ya mtu mmoja, na hata hiyo ilibaki.

Halafu televisheni ikatangaza kwamba filamu itarudiwa tangu mwanzo. Jumapili Clotilde alitwanga sombe mapema. Mkuu wa usalama alishuka, akavua viatu, akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Jambo, mama."

Clotilde alikaza kitambaa chake cheusi, akachukua maji ya kunawa.

"Jambo, baba. Ikala. Utakula kwanza."