Bolti Mbili za Mkebe wa Marehemu

Bolti iliyokatika kwenye lori la Gédéon haikuwa kubwa. Urefu wake kidole cha shahada, unene wake kidole gumba, na kazi yake moja tu: kuushika mkono wa usukani usiachane na gurudumu. Ikishika, hakuna anayeikumbuka. Ikiachia, dereva anabaki kuzungusha usukani bure, na lori linakwenda linakotaka lenyewe.

Ilikatika Alhamisi mchana, na bahati nzuri lori lilikuwa limesimama mbele ya gereji ya Lambert, huko mtaa wa Mangobo, Kisangani. Jumamosi asubuhi lori hilohilo lilitakiwa kuwapeleka watu ishirini na sita njia ya Yangambi, kumaliza matanga ya Tonton Jacques, ambaye alizikwa kijijini mwezi uliopita na watu wanne tu. Kati ya hao ishirini na sita alikuwemo Georgette, mke wa Lambert, maana marehemu alikuwa mdogo wa baba yake.

Lambert aliigeuzageuza ile bolti iliyokatika, akasema, "Boulon ya namna hii, Kisangani haiko."

"Tafuta, Papa Lambert," Gédéon alimjibu. "Weye ndiyo fundi. Miye niko dereva tu."

Basi Ijumaa nzima Lambert akatafuta. Alianza sokoni Mangobo, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka katikati ya mji, akaingia duka kwa duka akiwa na bolti iliyokatika mfuko wa kushoto na tupa ndogo mfuko wa kulia. Bolti zenye meno membamba kama yale alizipata tatu, zote zinang'aa, zote zimeandikwa 10.9 kichwani, ndiyo namba ya chuma kigumu. Kila moja aliipitishia tupa. Chuma kigumu kinaikataa tupa, inateleza huku inalia. Zile tatu ziliikubali, zikaacha unga mweupe kwenye vidole vyake.

Mwenye duka la tatu, Mama Colette, alikasirika. "Papa, unakwaruza vitu vya watu halafu haununui? Namba iko pale juu. Hausomi?"

"Namba, mutu yoyote anaweza kuiandika," alisema Lambert.

Akairudisha tupa mfukoni, akatoka. Wacha atoke. Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyelijua neno hilo kuliko yeye.

Miaka ya vita, mto ulipofungwa na barabara zikafungwa, hakuna kipuri kilichoingia Kisangani, hata msumari. Lambert alikuwa kijana mwenye mashine ya kukereza chuma. Alichukua nondo za kujengea nyumba, akazikereza zikawa bolti, kisha akazigonga namba kichwani, 10.9, kwa sababu wateja waliitaka ile namba. Kile chuma chake cha kugongea "1" kilikuwa kimevunjika ncha, kwa hiyo moja zake zote zilitoka bila mguu. Nani ataangalia mguu wa moja? Alijiambia ni vitu vya kusukumia siku mbili tatu mpaka vita viishe.

Halafu lori moja likashindwa kukata kona kwenye mteremko wa kushukia bac, kile kivuko cha mto Lindi. Likatumbukia. Watu kumi na mmoja wakafa, na mmoja wao Papa Bavon, baba yake Georgette, ambaye siku zile alikuwa bado mchumba wa Lambert. Lambert alikwenda na wenzake kulivuta kwa kamba. Kwenye matope chini ya usukani aliokota kichwa cha bolti, kimekatika laini kama muhogo uliopikwa, na moja yake haina mguu. Alikitia mfukoni, na jioni akakitupa mtoni. Wiki ile ile aliiuza mashine.

Familia haikukubali kwamba lori linaweza kuanguka hivihivi. Walikaa kikao, wakamtafuta aliyelisukuma, wakampata: Tonton Jacques, aliyekuwa amegombana na kaka yake juu ya kiwanja. Ndoki, walisema. Mchawi. Walimfukuza na mkeka wake mmoja, na sasa, amekwisha kufa, ndipo walipokubali kwenda kumlilia. Lambert alikuwemo kwenye kikao kile, kiti cha tatu kutoka mlangoni, amepewa maji ya kunywa. Alikunywa yale maji, hakusema neno. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema wenye midomo mizuri. Zake zilikuwa zimefika miaka ishirini na kitu, ana mke, ana watoto, ana jina zuri Mangobo yote.

Ijumaa jua likishuka alifika kwa Zakaria, muuza vyuma, mtu wa Maniema, Mwislamu mtaratibu asiyepandisha sauti. Zakaria aliitazama ile bolti iliyokatika, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa zamani wa maziwa ya unga.

"Hii ni ya baba yangu, marehemu Papa Amisi," alisema. "Aliniambia, mwanangu, vilivyo ndani ya mkebe huu usiviuze kwa mutu wa kupita. Mpe fundi siku ana shida ya kweli."

Alisoma dua fupi, akafungua. Ndani, katika kitambaa kilichojaa grisi nyeusi, zilikuwamo bolti mbili. Lambert alijaribu nati ya lori la Gédéon, aliyokuja nayo, juu ya moja ya hizo. Ikaingia tamu, meno kwa meno. Moyo wake ukatua.

Mkono wake ulikuwa tayari umegusa tupa mfukoni. Ukarudi mtupu. Watu wa chuma wa mji ule wana adabu yao: kitu cha marehemu, kilichotolewa kwa dua, hakipigwi tupa mbele ya mwanawe. Ni kama kumwita marehemu mwongo kaburini. Lambert akawaza, nitaipima gereji.

"Sitaki pesa," Zakaria alisema. "Kesho nitakuja mwenyewe. Nataka kuona kitu cha baba kinaingia mahali pake."

Kweli, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Zakaria alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi la gereji, kofia kichwani, mkebe magotini. Tupa ikabaki mfukoni. Lambert alilala chini ya lori, akaipachika bolti na grisi yake, akakaza. Mwishoni kabisa, pale ambapo chuma kizuri kinagoma, ufunguo wa kukazia ulisogea kidogo zaidi, polepole, bila ubishi. Aliusikia mkononi. Akajiambia ni grisi. Watu walikuwa wamekwisha panda, wanaimba, Gédéon anapiga honi kwa sababu bac haimngoji mtu, na Georgette alikuwa ameinama juu ya ubao wa lori akimuuliza kama amekunywa chai.

"Nitakunywa," alisema. Lori likaondoka.

Zakaria alimwachia ile bolti ya pili iwe ya akiba, akashukuru Mungu, akaenda zake. Lambert hakunywa chai. Kile kitu alichokisikia mkononi kilikuwa bado kinamsumbua. Akachukua bolti ya pili, akaipitishia tupa. Unga ukatoka.

Alikaa kwanza. Kisha akaimwagia petroli, akaifuta kichwa kwa shati lake mwenyewe. 10.9, na moja haina mguu. Marehemu Papa Amisi alikuwa ameinunua sokoni kwa uaminifu, akaiona ina namba, akaihifadhi kama mali. Miaka yote ile ilikuwa imelala kwenye grisi ikimngoja aliyeitengeneza aje aiombe kwa mikono miwili.

Akampigia Gédéon simu. Haikuita. Akampigia Georgette, mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu akashika, nyuma yake nyimbo na kelele za injini.

"Mwambie Gédéon asimame. Sasa hivi."

Alimsikia akipiga kelele kwa dereva, na Gédéon akijibu kwa mbali. Georgette akarudi. "Anasema bac itatuacha. Anasema weye mwenyewe ulifunga hii asubuhi. Alors, kuko nini?"

"Boulon ni mubaya. Mumefika wapi?"

"Tunakaribia mteremko. Lambert, anasema hasimame kwa sababu ya wasiwasi. Umejuaje ni mubaya?"

Hapo ndipo alipotafuta uongo. Hebu tusimfiche: aliutafuta. Alikuwa na nafasi ya kupumua mara moja au mbili, na badala ya kusema alitafuta uongo mzuri ambao ungelisimamisha lori na kumwacha yeye mzima. Hakuupata. Huko kwenye simu aliisikia injini ikibadilisha sauti, gia inashushwa.

"Niliifanya miye," alisema. "Kwa nondo. Miaka ya vita. Ni ileile ilimuua papa yako. Niliiona, Georgette, niliiokota. Haikuwa Tonton Jacques."

Nyimbo ziliendelea kidogo. Halafu alisikia sauti ya mkewe, na haikuwa inasema naye tena. Ilikuwa ukelele mmoja mrefu wa msiba, ule ambao dereva yeyote wa mkoa wa Tshopo akiusikia anakanyaga breki bila kuuliza. Simu ikakatika.

Alichukua pikipiki ya kukodi, hakukumbuka hata kofia. Njia nzima alikuwa anatazama mbele juu ya bega la dereva, akitafuta moshi, watu wanaokimbia, chochote. Alilikuta lori limesimama ukingoni, hatua kama sitini kabla mteremko haujaanza, magurudumu ya mbele yameelekea kila moja upande wake. Watu walikuwa wameshuka, wamekaa kwenye majani, hawaimbi. Gédéon alisimama peke yake, mikono kichwani.

Hakuna aliyemsalimu. Lambert aliingia chini ya lori. Bolti ilikuwa imekatika wakati wa breki, nusu imebaki ndani, kichwa kimening'inia kwenye grisi. Akakitoa, akatoka nacho kwa magoti. Georgette alikuwa amesimama pale. Alinyoosha mkono, naye akampa.

Alikifuta kwa pembe ya kitenge chake. Alitazama ile namba muda mrefu.

"Tonton alikuwa ananiletea samaki," alisema. "Hata baada ya kumfukuza. Alikuwa anamwacha kwa jirani, kwa sababu tulimkataza kupita mlangoni. Nilikuwa ninamtupa yule samaki. Na weye ulikuwa unaniangalia ninamtupa."

"Ndiyo," alisema Lambert.

"Ulinisaidia kumtupa."

"Ndiyo, Mama."

Alitaka kulia, na aliona haya kulia mbele yake, akabaki na magoti yake kwenye vumbi. Georgette alikifunga kile kichwa cha bolti kwenye pembe ya kitenge, mafundo mawili. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa na hasira, Lambert angejua la kufanya.

"Ulifanya ngapi?" aliuliza.

"Sijue vizuri."

"Ngapi, Lambert?"

"Mia mbili. Karibu mia mbili."

"Ziko wapi?"

Nyuma yao, upande wa mji, honi ililia. Lori jingine lilikuwa linakuja, la zamani kama la Gédéon, limepakia magunia, na juu ya magunia watu, wanawake na watoto wamefunga vitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. Georgette aliruka barabarani, akanyanyua mikono yote miwili, akaipunga, akaita wasimame. Wale wa juu waliona watu wenye nguo za msiba wanawapungia. Nao wakapunga, wakapaza wimbo wa kuwapa pole, na dereva akapiga honi mara mbili kwa heshima akawapita. Lori likaanza kushuka. Lambert alibaki amepiga magoti, anasikiliza breki zake zikilia kule mteremkoni.