Vidonge kwenye Mkebe wa Misumari

Fundi makochi alikuwa na mazoea ya kubana misumari midomoni anapopigilia kitambaa, na wakati huo humtoi neno. Kwa hiyo mama yake alipomuuliza kama ameshaenda kupima saratani ya tezi dume, ugonjwa uliomuua baba yake, akaongeza misumari mingine mdomoni.

"Haya, jaza tu," mama akasema. "Mimi siondoki."

Kinyozi wa mlango wa pili akachungulia. "Mama, mwache mwanao. Daktari wake yumo humo kwenye mkebe!"

Ndani ya mkebe wa misumari mlikuwa na vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Redioni walisema wataalamu wanachunguza kama dawa za aina hiyo zinaweza kuzuia saratani ya tezi dume. Fundi alishika neno "kuzuia", hilo la kuchunguza likampita. Akawa anameza kila asubuhi tumbo tupu. Kiuno kilichokuwa kikimsumbua kikaacha kuuma, basi akajiona amepona.

Mama hakugomba. Tangu amzike mumewe, hasira zilimkauka. Alifagia vumbi la sponji, akauliza tena kesho yake, na kesho yake.

Siku moja fundi akatapika damu nyeusi juu ya kochi la mteja.

Hospitalini daktari alisema tumbo limechimbika vidonda. "Nani alikuandikia dawa hizi?"

"Redio."

"Redio haijakuona. Na maumivu kutulia si kupona."

Wakamtoa damu, wakapima na tezi. Majibu yakaja: kipimo cha tezi kiko juu. Huenda ni saratani, huenda siyo. Lazima wakate kipande kidogo cha tezi wakachunguze, ila kwanza tumbo lipone. Mama alisikia yote kama mtu anayesomewa habari za jirani. Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua, akaikunja.

"Mama," fundi akaita, mdomo mtupu. "Baba alianzaje?"

"Kuamka amka usiku kwenda kukojoa. Kama wewe."

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Mlango wako unalia, mwanangu."

Fundi akageukia ukutani.

Asubuhi mama alifungua karakana, akatoa vidonge kwenye mkebe, akaenda navyo kwa kinyozi. "Wewe una umri gani?"

"Mama, mimi mzima kama chuma," kinyozi akacheka.

Mama hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Funga duka, twende ukapime. Nakusubiri."