Mizani Tatu

Kidole cha msahihishaji kiligonga meza mara kumi na sita, kikatulia. Mshororo wa pili, kumi na sita. Wa tatu kikaishia kumi na tatu.

"Ni hapo hapo tu, beti zote saba," alimwambia mwanamke aliyeketi mbele yake. "Mizani tatu hazipo, na kina cha mwisho hakipo. Nimemzibia marehemu. Huku nimetia 'daima', kule 'salama'. Ugonjwa ulimzidi, masikini."

"Baba apungukiwe mizani?" Mwanamke alicheka kidogo, cheko kavu. "Mzee wangu humjui wewe. Sisi tulijua kuhesabu mizani kabla ya kujua kusoma."

Hakutumwa na mtu. Ndugu zake watatu ndio walioleta shairi lichapwe katika kijitabu cha kumkumbuka mzee, na kwenye orodha ya familia waliandika majina matatu. Miaka kumi na tisa iliyopita aliolewa na mtu aliyekataliwa nyumbani, na baba akaapa kwamba jina la bintiye huyo halitamtoka tena kinywani. Halikumtoka. Leo alitaka jambo moja tu: kujua kama alikufa amemsamehe.

"Nisomee kama alivyoandika mwenyewe," alisema. "Maneno yako yaache."

Msahihishaji alikunja uso. Kazi ya miaka thelathini, leo anaambiwa maneno yake yaachwe! Lakini alisoma, kidole kikigonga.

"Mlango sijaufunga, taa yawaka..."

Sauti ilikoma, kidole kikaendelea chenyewe kwa mazoea: mara tatu, mezani, kimya. Mwanamke akainua kichwa.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii, sauti ilipokoma, mwanamke alitamka jina lake.

Lilikaa. Silabi tatu, na kina kile kile. Msahihishaji alifunua ubeti wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, na kila pengo alimtazama mwanamke, naye akajitaja, sauti ikizidi kukatika.

"Mmezaliwa wangapi?"

"Wanne. Mimi wa tatu."

Alitazama mishororo minne ya kila ubeti. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mara saba alikuwa amemfukuza mtoto wa watu, tena kwa mwandiko mzuri.

"Mzee Kidole!" fundi wa mtambo aliita kutoka chumba cha pili. "Tunakungoja wewe tu!"

"Ngojeni, bwana!" Alishika kifutio, akafuta neno baada ya neno, akipuliza vumbi. Kisha akanoa penseli. "Haya mwanangu, jina lako linaandikwaje? Nilitie."

Mwanamke alijifuta macho kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Baba aliapa, mzee wangu. Paache wazi."

Karatasi ya kwanza ilipotoka mtamboni, wino ukiwa mbichi bado, mwanamke aliipokea kwa mikono miwili. Akatafuta mshororo wa tatu. Pale palipo peupe aliweka kidole, akagonga taratibu: moja, mbili, tatu.