Dirisha Linafungwa Saa Kumi

Mara tatu asubuhi ile Roland Szymczak alisimama mbele ya ukuta wa majina, na mara tatu akajifanya hakuliona la Dewitt Pruitt. Ukuta ulijaa vibao vidogo vya sumaku, kimoja kwa kila mchezaji wa Wahunzi wa Erie, timu ya futiboli ya Kimarekani, wote hamsini na watatu. Ukihamisha kibao umehamisha mtu, na mkewe, na watoto wake, na mbwa wao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Roland kwa miaka ishirini na sita: kutafuta vijana wa vyuoni wa kuteuliwa kila Aprili, timu zikipokezana zamu raundi baada ya raundi, kuwalea, na wakianza kuchuja, kuwabadilisha kwa wengine kabla dunia haijagundua.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Dirisha lingefungwa saa kumi jioni. Timu moja ya magharibi ilimtaka Pruitt, na badala yake ingewapa Wahunzi nafasi yake ya kuteua kijana katika raundi ya pili. Kwa mtu wa miaka thelathini na moja, mwenye goti linalolia akipanda ngazi, hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Roland mwenyewe ndiye aliyeipigia debe.

"Neno lisitoke humu ndani," alisema bosi wake, Corinne Haldane. "Wale jamaa wamesema likivuja tu, wanajitoa. Hata Pruitt asijue mpaka karatasi zisainiwe."

"Nilimwahidi mama yake, bosi."

"Lini?"

"Miaka tisa iliyopita."

"Basi ulimwahidi kitu kisicho chako, Roland."

Aliahidi kweli, tena akiwa anatafuna. Alikuwa amefunga safari hadi Georgia kumtazama kijana mrefu aliyecheza mpira wa kikapu mpaka alipofika miaka kumi na tisa, ambaye hakuna msaka vipaji mwingine aliyekuwa na jina lake kwenye karatasi. Mama yake, Bi Verlene, alimjazia mgeni sahani ya mboga na mkate wa mahindi, akakaa mbele yake asile.

"Mchukue," alisema. "Lakini huko kwenu mnauzana kama ng'ombe, nimeona kwenye televisheni. Siku mkimuuza wangu, aambiwe na wewe kwanza. Asije akasikia redioni."

"Atasikia kinywani mwangu, mama."

Akamteua raundi ya sita, watu wakamcheka. Misimu miwili Pruitt alikula, akanyanyua vyuma, akafundishwa upya kupiga hatua kama mtoto. Msimu wa tatu akapewa upande wa kushoto, kulinda mgongo wa mrusha mpira, na hakuna aliyemwondoa tena pale. Bi Verlene alipofariki, Roland alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Saa sita mchana Pruitt aligonga, akaujaza mlango wote.

"Mzee, unanenepa. Na humu ndani mimi ndiye ninayelipwa kunenepa."

Roland alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

"Nina swali moja tu," Pruitt alisema. Hakukaa. "Binti yangu Noelle ameshaizoea ile shule ya viziwi. Jana mezani katusimulia hadithi nzima kwa mikono, mwanzo mpaka mwisho. Mama yake akalia. Leo saa tisa tunatakiwa kusaini nyumba, pale pale jirani na shule. Kuna lolote ninalopaswa kujua?"

Roland angeweza kusema mengi. Hata angenyamaza tu, kimya chake kingekuwa jibu. Lakini alikwisha kuiona ile raundi ya pili, alikwisha kuchagua na kijana wa kuijaza.

"Hakuna, mwanangu. Kasaini."

"Hakuna?"

"Mimi nikufiche?"

Pruitt alishika kitasa. "Sawa, mzee," akasema, akaufunga mlango taratibu.

Roland aliona aibu, aibu hasa. Akajiambia kazi ni kazi. Akajiambia kwamba hata huko magharibi shule za viziwi zipo.

Saa tisa na dakika arobaini simu ililia. Wale wa magharibi walikuwa wamepata mlinzi mwingine, kijana zaidi, kutoka kwingine. Haldane aliitupa simu mezani na kutukana. Roland, Mungu amsamehe, alifurahi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi; ya kwake, aliona, imemfikisha salama.

Saa kumi na dakika tano aliteremka mbio kwenye chumba cha matibabu. Pruitt alikuwa peke yake, goti limefunikwa barafu.

"Dirisha limefungwa!" Roland alisema. "Si nilikuambia? Huendi popote. Haya, nyumba imekwendaje?"

"Hatukusaini."

"Kwa nini tena?"

Pruitt aliisogeza barafu. "Wakala wangu alinipigia saa moja asubuhi, nampikia mtoto uji. Akanitajia timu, akanitajia na raundi. Nilikuwa najua kila kitu."

"Sasa mbona ulikuja kuniuliza?"

"Nilikuja uniambie. Mke wangu alisema nisijisumbue, nikamwambia, we subiri, yule mzee atasema. Alimwahidi mama. Nikakutajia na mtoto, ili iwe rahisi."

"Nilikatazwa, Dewitt."

"Ungeniambia hilo tu. 'Nimekatazwa.' Neno moja. Ningeelewa, ningekupa mkono, nikaenda kufunga mizigo."

Pruitt aliifungua barafu, akajifuta goti, akavaa kiatu polepole kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi.

"Machi dirisha likifunguliwa, mtajaribu tena kuniuza," alisema. "Ni haki yenu, sina kinyongo na hilo. Ila safari hiyo usihangaike kuja kwangu, Bwana Szymczak. Mpigie wakala."

Roland aligeuka kutoka. Pruitt akafika mlangoni kabla yake, akauzuia wazi kwa mkono ili mzee apite, kwa adabu, kama anavyofunguliwa mgeni.